Sheria ya Kupata Choo

Hapo zamani, lakini si za kale hivyo, maana baadhi ya waliokuwapo bado wanakohoa, palikuwa na nchi ambayo jina lake sitalitaja. Sitalitaja kwa sababu ya heshima tu. Msomaji akidhani anaifahamu, hilo ni shauri lake na dhamiri yake, mimi simo.

Nchi hiyo ilikuwa na mji wa bandari, na mji ulikuwa umegawanywa kwa haki kabisa. Juu, Kilimani, waliishi watawala waliotoka ng'ambo, nyumba sitini na moja, kila moja na upepo wake. Chini, mahali palipoitwa Mji wa Chini, tuliishi sisi wengine elfu sita na ushei, na upepo tuliachiwa ule uliokwisha kutumika. Hakuna aliyelalamika. Au tuseme waliolalamika walilalamika kwa lugha yao, na Serikali ilikuwa bado inaisubiri kamusi.

Mimi naitwa Shekue. Nilikuwa karani wa tatu katika Sekretarieti, kazi yangu kunakili barua na kupiga muhuri. Niseme mapema kwamba nilikuwa mtumishi mtiifu, na yote nitakayoyaeleza hapa niliyatenda kwa utiifu.

*

Mwaka ule aliletwa mhandisi kutoka ng'ambo, mtu mrefu mwenye miwani. Tulimpa jina la Bwana Bomba, kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi bila kulitaja. Hakuwa mtu mbaya. Kosa lake lilikuwa moja tu, kudhani kwamba ametumwa kujenga.

Bwana Bomba alichora mabomba mawili. Moja la maji ya mvua, moja la maji machafu ya majumbani, kila moja na njia yake, yasikutane popote. Alieleza kwamba mji ukiyachanganya yote katika bomba moja, siku ya masika bomba hushindwa, na kilichozikwa hufufuka barabarani. Huo ukaitwa mfumo wa kutenganisha. Gavana, ambaye sisi tulimwita Bwana Mkubwa na yeye hakukataa, alilipenda neno "kutenganisha" kabla hajamaliza kuelezwa maana yake.

"Mabwana," aliliambia Baraza lake la wajumbe saba, ambao wote walikuwa wapwa zake au wenzake wa kucheza karata, "dola yetu imetenganisha raia na mtawala, hospitali na hospitali, hata makaburi. Ni aibu kwamba mpaka leo hatujatenganisha maji na maji."

Wajumbe walipiga meza mpaka wino ukamwagika, nami nikaitwa kuufuta.

Ikaamuliwa kwamba bomba la mvua lishuke mashariki, kwenye ufukwe ambako watu wa Kilimani waliogelea, maana mvua haina ubaya. Bomba la pili lishuke magharibi, kwetu. Kama na sisi tungeunganishwa nalo, au lingetupitia tu likienda zake, hilo lingetegemea hesabu. Serikali ilitaka kujua ni wangapi katika Mji wa Chini wana vyoo na wangapi hawana.

*

Swali la kuwauliza raia lilitungwa na Bwana Sarufi, mkuu wa Ofisi ya Lugha za Wenyeji. Bwana Sarufi aliitunga kamusi ya lugha yetu melini, akija, na alipofika alishangaa kuona jinsi tunavyoikosea.

Mimi nilikuwa nimempelekea rasimu: "Je, nyumba yenu ina choo?" Aliikata kwa wino mwekundu. Nyumba, alisema, haiwezi kuwa na kitu, kwa kuwa haina mikono, mwenye kuwa na kitu ni mtu. Tena kwa kuwa choo ni neema ya ustaarabu, mtu hawi nacho tu hivi hivi, hukipata. Akaandika kwa mkono wake: "Je, umepata choo?"

Nililisoma mara mbili. Kwetu hakuna asiyewahi kuulizwa swali hilo, na mama yake alipokuwa mdogo, na daktari alipokuwa mgonjwa.

"Naomba radhi, Bwana," nilisema. "Neno choo kwetu lina maana mbili. Kuna choo kinachoingiwa, na kuna choo kinachotoka."

"Katika kamusi yangu lina moja."

"Ni kweli, Bwana, lakini watu..."

"Karani, watu wenu wanaitumia lugha hii bila kuisoma. Hapo ndipo penye shida. Uliza kama ilivyoandikwa."

Nikauliza kama ilivyoandikwa.

*

Nilianza na shangazi yangu, Bi Mize binti Hamadi, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya kwanza ukishuka mlima. Nilimkuta kisimani. Kisima hicho nikieleze, maana habari yote hii ni yake. Kilichimbwa na bibi yake, akakiweka wakfu, na ndicho pekee katika Mji wa Chini chenye maji matamu. Vingine vyote vina maji ya chumvi, ya kuoshea miguu. Watoto wetu wachanga huogeshwa kwa maji ya kisima hicho, na maiti wetu huoshwa kwa hayo hayo. Mwaka wa kipindupindu uchafu ulikiingia, na Bi Mize akazika mabinti wawili katika wiki moja. Baada ya hapo alikijengea ukingo wa mawe kwa mikono yake, akawa hakai mbali nacho, na hakuna aliyethubutu hata kufua karibu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Shekue. Mbona leo umevaa viatu?"

"Nimekuja kiserikali." Nikafungua daftari. "Je, umepata choo?"

Akanitazama kwa huruma. "Serikali imekutuma uniulize hivyo?"

"Naam."

"Basi waambie nimepata, alhamdulillahi, asubuhi mapema. Jana ndiyo nilisumbuka kidogo, nilikula muhogo. Na Gavana hajambo? Yeye anapata?"

Nikaandika: amepata, jana taabu, muhogo.

Kwa wiki mbili makarani tulizunguka na swali lile. Watu walifurahi mno. Hawakujua kwamba Serikali inawajali kwa karibu namna hiyo. Wazee walitukalisha, wakatueleza kwa kirefu, wengine tangu ujana wao. Tuliwauliza watu elfu sita mia mbili na kumi na wanane. Elfu sita mia moja sabini na watano walikuwa wamepata. Arobaini na watatu walikuwa bado, baadhi yao tangu Jumanne.

Bwana Sarufi akaandika ripoti. "Kila mwenyeji," ilisema ripoti, "hata mtoto anyonyaye, anamiliki choo chake binafsi, jambo lisilopata kuonekana katika nchi yoyote iliyostaarabika. Baadhi ya vyoo vimejengwa kwa muhogo." Ripoti ilipelekwa ng'ambo, ikapigwa chapa, ikasomwa mbele ya Mfalme, na Bwana Sarufi akaletewa nishani kwa meli ya posta. Watu wa Kilimani nao waliulizwa, kwa lugha yao wenyewe, wakajibu kwamba hawana choo hata kimoja. Walikuwa na ndoo, ambazo kila asubuhi zilibebwa na matopasi waliotoka kwetu.

"Wale wana vyoo elfu sita, sisi hatuna hata kimoja," alisema Bwana Mkubwa barazani, akiwatazama wajumbe wake. "Niambieni, mabwana, katika nchi hii nani anamwonea nani?"

Basi bomba la uchafu likawa la Kilimani peke yake. Mwisho wake ukawekwa kwetu, kwa kuwa sisi, ripoti ilisema, ni wazoefu. Shimo la kupokelea uchafu wote wa nyumba sitini na moja lilipangwa hatua ishirini juu ya kisima cha Bi Mize, na ardhi ya pale ni matumbawe na mchanga, haizuii hata mate. Kesho yake vilipigwa vigingi kumi na vinne vya mpaka wa kiwanja cha shimo, viwili vikiwa kwenye ukingo wenyewe wa kisima.

Hapa niache kujifanya. Nilikasirika. Mwandiko wangu, ambao nilikuwa nikiuonea fahari, ndio uliokipeleka kinyesi cha Kilimani kwenye maji ya shangazi yangu.

*

Bi Mize hakulia wala hakupiga kelele. Alivaa doti jipya la kanga, akapanda mlima, akaomba kumwona Bwana Mkubwa. Bwana Sarufi alikaa kati yao kutafsiri, nami pembeni nikiandika.

"Bwana," alisema Bi Mize, "uchafu wenu ukikaa pale, utaingia kisimani, na watoto watakufa. Mimi nimeshazika wangu, sikisii, najua."

Bwana Mkubwa alisikiliza akiwa amefumba macho, kama ilivyokuwa kawaida yake kwa wenyeji. Kisha akajibu kwamba huzuni ya mama huyu ni huzuni yake, lakini malalamiko kuhusu uchafu hupokewa kutoka kwa watu wasio na vyoo, na yeye, kwa mujibu wa ukurasa wa kwanza wa daftari, anacho, tena cha muhogo.

Bi Mize akaniangalia, akaangalia dari. "Kunya anye kuku," alisema, "akinya bata kaharisha."

"Anasemaje?" akauliza Bwana Mkubwa.

Bwana Sarufi alipekua kamusi yake. "Anazungumzia ufugaji, Mheshimiwa."

Kazi ingeanza wiki ile ile kama si Bwana Bomba, ambaye alikuwa na ugonjwa wa kupima. Alisema hawezi kuchimba kabla ya kujua upana wa bomba, na hawezi kujua upana kabla hesabu ya vyoo haijafungwa, maana watu waliozoea kupata vyoo kwa kasi hiyo huenda wakaendelea kupata. Ikatungwa Sheria Namba Saba ya Vyoo Vilivyopatikana. La mgambo likilia kuna jambo, watu wakakusanyika sokoni, nami nikapanda juu ya kreti ya samaki nikaisoma.

"Mkaazi yeyote wa Mji wa Chini atakayepata choo kipya baada ya hesabu, atakileta mwenyewe mbele ya karani, Kilimani, siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri, kikaguliwe, kiandikwe, kipigwe muhuri. Hakuna jembe litakalogusa ardhi mpaka vyoo vyote vilivyopatikana viwe vimeandikwa."

Katika lugha ya ng'ambo sheria ilisema atakitangaza. Lakini Bwana Sarufi alishikilia kwamba kutangaza ni kwa vita na kwa harusi, akaweka "atakileta".

"Soma tena hapo," alisema Bi Mize.

Nikasoma tena.

"Na kikibaki hata kimoja hakijaandikwa?"

"Hawachimbi."

"Na ni lazima tukilete?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, shangazi."

Alijifunga kanga vizuri, akawageukia watu. "Sisi ni watu wa sheria. Tusije tukaambiwa tumeficha."

*

Kesho yake saa mbili za asubuhi Mji wa Chini ulipanda mlima. Kila mtu alishika kopo, na kila kopo lilifunikwa kwa jani la mgomba na kufungwa kwa ukindu. Walijipanga mstari mmoja kutoka kwenye ngazi za Sekretarieti mpaka mwisho wa barabara. Hakuna aliyecheka. Bi Mize alikuwa ameonya kwamba atakayecheka atarudishwa nyumbani na kopo lake.

Mimi nilikaa mezani na fomu, nikauliza kama zilivyoandikwa.

"Paa ni la nini?"

"La jani la mgomba," alijibu mzee wa kwanza, fundi cherehani aitwaye Mzee Mbaruku.

"Kimejengwa na nani?"

"Mimi mwenyewe. Sikusaidiwa na mtu."

"Mlango unaelekea wapi?"

Hapo Mzee Mbaruku alifikiri sana. "Sijui, mwanangu. Lakini kibla sikukielekea, Mungu apishe mbali."

Nikaandika, nikapiga muhuri juu ya jani, nikamwita wa pili. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimepiga mihuri mia tisa, na veranda ya Sekretarieti haikuwa na pa kuweka mguu. Bwana Sarufi alitoka ofisini na kitambaa puani. Alifungua kopo moja, la Bi Mize, akalifunika haraka.

"Hiki si choo," alisema.

"Kama si choo ni nini, bwana?" Bi Mize alimwuliza kwa adabu kabisa. "Tuandikie jina lake, nasi tukalijue."

Bwana Sarufi alifungua mdomo. Akaitazama nishani yake. Angelitaja jina lile, angekuwa amekiri kwamba Mfalme alisomewa habari ya vitu elfu sita vya namna hiyo, kwa sauti, baada ya chakula. Akafunga mdomo.

"Piga muhuri," akaniambia.

Ikawa hivyo siku tisa. Kila siku mji ulipata choo kipya na kila siku ulikileta. Kila jioni Bwana Bomba alikuja kuuliza kama hesabu imefungwa, nikamwambia bado, akarudi kuongeza upana. Siku ya tisa bomba lake kwenye ramani liliweza kupitisha gari moshi. Na hakuna jembe lililogusa ardhi.

*

Kufuta Sheria Namba Saba kungekuwa kukiri kosa, na Serikali ile haikuwa na fomu ya kukiri kosa. Bwana Mkubwa akafanya lililowezekana. Siku ya kumi la mgambo lililia tena, nikapanda juu ya kreti, nikasoma Sheria Namba Nane, ambayo ilikuwa na mstari mmoja na nusu:

"Kuanzia kesho alfajiri ni marufuku kwa mkaazi yeyote wa Mji wa Chini kupata choo. Atakayepata atafungwa siku saba."

"Na Kilimani?" akauliza Bi Mize.

"Kilimani haikutajwa, shangazi."

"Haya. Tutaonana kesho."

Sitajisifu. Mimi, mtumishi mtiifu, nilijizuia mpaka saa nne. Lakini mwili nao una serikali yake, na kufikia saa tano asubuhi ile mji mzima ulikuwa umevunja sheria, kuanzia imamu mpaka watoto wa chuoni. Tukapanda mlima kujisalimisha. Gereza lilikuwa la watu arobaini. Sajini aliyetumwa kutukamata alisimama mbele yetu akahesabu mpaka mia mbili, kisha akavua mkanda wake, akaukunja, akajiunga na mstari, kwa kuwa na yeye alikuwa wa Mji wa Chini na tumbo lake lilikuwa la kawaida. Nyuma yake walikuja wapishi wa Kilimani na mayaya. Mwisho kabisa walikuja matopasi, wameziacha ndoo pale walipozikuta.

Gereza lilipojaa tukajaza uwanja wake, kisha uwanja wa tenisi. Tulikaa kwa utulivu. Kila asubuhi tulirudia kosa, na Bi Mize alimwendea mkuu wa gereza kumwomba atuongezee siku saba nyingine, kama sheria inavyotaka. Mkuu wa gereza aliishiwa na karatasi siku ya pili.

Siku ya tatu ndoo za Kilimani zilijaa.

Kuna mambo ambayo mtu aliyelelewa vizuri haandiki. Nitasema tu kwamba siku ya nne Jaji alionekana akishuka ngazi zake za nyuma akiwa amebeba kitu mbali na mwili wake, akakwama njia panda, hajui matopasi hukipeleka wapi. Alikuwa ameishi katika mji ule miaka kumi na mmoja.

Siku ya tano Bwana Mkubwa alikuja mwenyewe uwanjani. "Nimewasamehe," alitangaza, Bwana Sarufi akitafsiri kando yake. "Rudini makwenu."

Hakuna aliyesimama.

"Hatukuomba msamaha, bwana," alisema Bi Mize, amekaa kwenye mstari mweupe wa uwanja wa tenisi. "Kosa nimelitenda, na leo asubuhi nimelirudia. Mimi nitatoka hapa vile vigingi vikitoka kisimani kwangu. Na avitoe aliyetia sahihi."

"Nitamtuma karani."

"Karani ni mfungwa." Na kweli nilikuwa nimekaa ubavuni pake.

"Basi askari."

"Wafungwa."

"Basi Bwana Bomba."

Bwana Bomba alivua miwani akaipangusa. "Mimi nilichora mabomba, Mheshimiwa," alisema. "Pale pa kupiga vigingi ulinionyesha wewe. Niliwahi kukuambia kwamba mlima una pande mbili, na bomba hili linaweza kushuka mashariki kama lile jingine."

Upepo ulikuwa unatoka upande wa nyumba za Kilimani na ndoo zake. Bwana Mkubwa aliuvuta mara moja, uso ukambadilika.

Alishuka mlima mchana kweupe, amevaa yale mavazi yake meupe na kofia yenye manyoya, nasi nyuma yake kwa mstari ule ule, wafungwa na walinzi wao. Aling'oa vigingi kumi na vinne kimoja kimoja. Cha saba kilimchubua kiganja. Viwili vya kwenye ukingo vilikuwa vimezama, ikabidi apige magoti. Bi Mize alikiangalia kila kigingi mpaka kilipolala chini. Cha mwisho kilipotoka alipapasa tundu lililobaki kwenye mawe yake, na machozi yakamtoka. Hakuyafuta.

Kisha Bwana Mkubwa akanyoosha mikono yake miwili mbele, imejaa udongo na damu kidogo, kama alivyozoea maisha yake yote, akingoja mtu ammiminie maji.

Bi Mize aliokota ndoo ya kisima na kamba yake, akamwekea mikononi.

"Hapa kila mtu huchota mwenyewe, bwana," alisema.

Bwana Mkubwa aliiangalia kamba, akaangalia chini kisimani, akaangalia huku na huku akitafuta wa kumsaidia. Tulikuwa watu elfu sita na ushei pale, na hatukuwa na haraka.